Nani Alipeleka Maneno Bomani?

Sifa zote ni za Bwana, ndugu zangu! Mlioitikia kwa nguvu nawashukuru. Mlioitikia polepole nawaelewa, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kufika mahali nikaogopa hata kuitikia kwa sauti ndani ya nyumba ya ibada, nisije nikaangaliwa.

Mimi ni Rebeka, mke wa Yakobo seremala. Wengi mliokaa hapa leo hamkuwepo wakati ule, ndiyo maana nimeombwa nisimame. Nitasema kweli tupu. Waliokuwepo wapo, watanisahihisha nikikosea.

Sisi tulitoka upande wa ziwa, Musoma. Huko ndiko wamisionari Wamennonite walikotufundisha kusoma, na ndiko tulikobatizwa. Yakobo alipata kazi hapa Ngarenaro, kwenye karakana ya Mhindi mmoja, nami nikapata kazi ya uyaya ng'ambo ya mto Naura, kwenye nyumba ya Mzungu aliyekuwa mmoja wa mabwana wa bomani. Tulipanda lori moja na Marita, huyu mnayemjua, kiongozi wetu wa nyimbo. Tulikuwa marafiki tangu usichana. Tulilia pamoja njia nzima, tukatapika pamoja njia nzima.

Kufika Arusha tukakuta mji una Walutheri na Wakatoliki, na kanisa letu hakuna. Basi watu wachache wa ziwani tukaanza kukusanyika Jumapili kwenye banda la mbao nyuma ya karakana. Tulikaa juu ya mbao ambazo hazijarandwa, ukiinuka nguo imeshika vumbi la msumeno. Aliyetuongoza ni Mwinjilisti Zefania. Siku za kazi alikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa. Jumapili alikuwa mtu mwingine! Hakuwa mtu wa kukuchosha kwa mafungu mengi. Alichukua hadithi moja ya Biblia akaisimulia mpaka unamwona Danieli na simba wake, mpaka unasikia njaa ya mwana mpotevu tumboni mwako mwenyewe.

Na wakati ule, ndugu zangu, tulikuwa tunahitaji hadithi hizo. Mvua ilikuwa imekataa. Mahindi yalikuwa shida. Habari za Kenya zilikuwa mbaya, watu wanakamatwa, na kila mkusanyiko wa Waafrika ulitazamwa kwa jicho kali. Halafu upande wa nyuma ya mlima Meru, Wameru waliondolewa kwenye ardhi yao ili wapewe masetla. Mmoja wa walioondolewa ni mama huyu hapa, Mama Anaeli. Usiniangalie hivyo mama, leo lazima nikuseme! Nyumba yake ilichomwa, ng'ombe wake wakatawanyika, akaja kukaa kwa ndugu yake hapa Ngarenaro. Yeye ni Mlutheri, lakini banda letu lilikuwa karibu, na nyimbo zilimvuta. Alikuja akakaa mwisho kabisa. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Alisikia zaidi ya alivyosema.

Jumapili moja Mwinjilisti alimwona mama huyu akifuta machozi. Akaacha hadithi aliyokuwa ameiandaa, akatusimulia habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu. Mfalme Ahabu alilitaka liwe bustani yake ya mboga, Nabothi akakataa kwa kuwa ni urithi wa baba zake, na mkewe Ahabu akapanga mashahidi wa uongo mpaka Nabothi akapigwa mawe. Mwinjilisti alivua koti lake akalitandaza chini, akasimama juu yake. Akasema, "Hili ni shamba la baba yangu. Ndani yake amezikwa babu yangu. Nikupe wewe upande mboga?" Halafu akatusimulia jinsi Eliya alivyokuja na neno la Bwana, na habari ya mbwa watakaolamba damu ya mfalme. Mama Anaeli alilia kwa sauti, akaondoka anacheka. Sikuwahi kuona mtu akilia hivyo na kucheka hivyo kwa ibada moja.

Wiki ile ile tarishi wa bomani akaja kumwita Mwinjilisti. Akaenda. Hakurudi jioni, wala kesho yake.

Aliporudi alikuwa amekonda, sauti imekauka. Tulimzunguka tukimshukuru Mungu, lakini yeye hakushukuru. Alitutazama mmoja mmoja. Akasema, "Wanajua habari ya mbwa."

"Wanajua habari ya koti pia," akasema. "Bwana mkubwa aliniuliza kwa nini nilisimama juu ya koti. Ni nani alimwambia habari ya koti, kama hakuwa ndani ya banda hili?"

Ndugu zangu, shetani hakuhitaji kufanya kazi zaidi siku ile! Neno hilo moja lilitosha. Tulioitana dada na kaka tukaanza kutazamana kwa mashaka. Mwenye kuwahi kutoka baada ya ibada aliulizwa anawahi wapi. Mwenye kuchelewa aliulizwa amechelewa wapi. Na mimi, ambaye kila asubuhi navuka Naura kwenda nyumbani kwa bwana wa bomani, nawabeba watoto wake mgongoni, mnadhani walinitazamaje?

Tena nikafanya jambo moja bila kufikiri. Ilikuwa majira ya baridi, ule ukungu wa Meru umeshuka mpaka barabarani. Memsahibu, mke wa bwana wangu, alinipa sweta yake kuukuu, ya bluu, ina kiraka kwenye kiwiko. Nikaivaa Jumapili iliyofuata. Niliingia bandani nimefurahi kwa joto. Marita alinishika ile sweta kwa vidole viwili, akasema, "Wamekupa?"

Nikasema, "Memsahibu kanipa, kwa baridi."

"Mwaka jana hapakuwa na baridi?"

Akaenda kukaa upande mwingine, na akina mama wengine wakamfuata, nami nikabaki peke yangu kwenye ubao. Nilidhani yatapita. Hayakupita. Nikiingia mahali, mazungumzo yanageuka kuwa ya mvua. Nikitoa mkono wa amani, napewa ncha za vidole.

Na huko kazini haikuwa nafuu. Bwana aliniita barazani akaniuliza, "Wewe unasali kwa Zefania?"

Nikasema ndiyo, bwana.

"Anafundisha nini?"

"Biblia, bwana."

"Na mambo ya nyumba hii, unayapeleka huko?"

Nikasema hapana. Toka siku ile memsahibu alikuwa akitaka kuzungumza na mumewe anafunga mlango kwanza. Milango ilifungwa nyumbani kwa Wazungu kwa sababu ya kanisa, na midomo ilifungwa kanisani kwa sababu ya Wazungu. Mimi nikabaki barabarani katikati, na lile daraja la Naura.

Lakini kilichonivunja ni nyumbani kwangu. Asubuhi moja nilikuwa nakoroga uji, Yakobo akaja akasimama mlangoni na msumeno wake begani. Hakutoka kwenda kazini. Nikamwambia, "Baba Maria, utachelewa."

Akasema, "Rebeka, nakuuliza mara moja tu. Huenda neno lilikutoka bila wewe kujua? Labda watoto walikuuliza mlichofanya Jumapili, ukawasimulia tu, kama hadithi?"

Nikasema, "Hata wewe?"

"Nimekuuliza tu."

"Hapana," nikasema. "Sikumwambia mtu."

Alikubali kwa kichwa. Lakini mke anajua kichwa cha mumewe, ndugu zangu. Kilikubali, ila macho yalibaki palepale yalipokuwa. Akaenda zake, na uji ukaungua mbele yangu nikiutazama.

Basi na mimi moyo wangu ukageuka. Nilianza kuwachunguza watu. Nilijiuliza kwa nini Marita anapiga kelele kuliko wote, kwani mwizi ndiye hupenda kuonyesha wengine. Nilijiuliza kuhusu mwenye karakana, kuhusu fundi aliyekuwa akipita nyuma ya banda tukisali. Nilimchunguza hata Mwinjilisti mwenyewe, nikasema labda huko mahabusu ametaja majina yetu na sasa anatafuta wa kumtwika. Unapodhaniwa ubaya, ubaya unaanza kuuona kila mahali.

Mtoto wetu Maria akashikwa na homa. Zamani, mtoto wa mmoja akiugua, akina mama wa ibada wangejaa, huyu na maji, huyu na kuni. Safari hii hakuja mtu. Aliyekuja ni mmoja tu, Mama Anaeli, na mkungu mdogo wa ndizi kichwani. Nilimwambia, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba, akakaa chini, akamchukua Maria, akaanza kumpepea kwa upindo wa kanga yake huku akimwimbia Kimeru.

Mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri, huyu ametumwa na nani? Wengine wote wamenikimbia, yeye kwa nini aje? Ndugu zangu, mwanamke aliyechomewa nyumba amebeba ndizi kutoka mbali kuja kumpepea mtoto wangu, na mimi nimekaa pembeni ninamlinda kama askari! Kumbe hakujua lolote. Minong'ono yote ilikuwa ya Kiswahili cha chini chini na Kijita chetu. Hakuna aliyemweleza. Yeye alisikia mtoto anaumwa, akaja. Basi.

Maria akapona, Mungu ni mwema. Lakini mambo yakazidi kuwa mabaya, kwa sababu wakati wa Meza ya Bwana ulikuwa umekaribia, na Mwinjilisti alitaka tukutane kwanza tusafishe mioyo. Tukakutana. Marita akasimama. Akasema, "Hatuwezi kula meza moja na mtu anayetuuza. Rebeka asimame hapa, ashike Biblia, aape mbele ya Mungu kwamba si yeye."

Watu wakasema ndiyo, aape! Hata mimi niliinuka haraka, mkono umeshatangulia mbele. Nilikuwa tayari kuapa kwa mbingu, kwa nchi, kwa roho ya mtoto wangu, kwa chochote, ili mradi jambo liishe.

Mwinjilisti akauondoa mkono wangu juu ya Biblia. Akasema, "Sisi hatuapi. Bwana alisema ndiyo yenu iwe ndiyo, na siyo yenu iwe siyo. Bomani walitaka niape, nikakataa. Nitaapisha watu hapa?" Akanigeukia. "Mama Maria, ni wewe?"

"Siyo mimi," nikasema.

"Tumesikia," akasema. "Keti."

Nikaketi. Na hapo, ndugu zangu, niliichukia ile imani yetu! Nisameheni kusema hivyo mbele ya watoto. Nilisema moyoni, kama ningekuwa wa kanisa jingine ningeapa, ningekuwa huru. Hiyo "siyo" yangu ilikuwa neno dogo sana. Ilitoka, ikaanguka chini, na hakuna aliyeinama kuiokota. Niliporudi nyumbani nilifunga nguo zangu na za Maria kwenye shuka. Nilimwambia Yakobo, "Nikitoka Meza ya Bwana narudi kwa mama yangu, Musoma. Ukiniamini utanifuata."

Jumapili ya Meza ikafika. Wageni wetu hapa huenda hamjui kwamba sisi Wamennonite, pamoja na mkate na kikombe, huwa tunatawadhana miguu, kama Bwana alivyowafanyia wanafunzi wake. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, wawili wawili. Mmoja anapiga magoti anamwosha mwenzake, anamfuta kwa taulo, halafu wanabadilishana, kisha wanakumbatiana. Hakuna anayepangiwa. Unamwendea unayetaka.

Makarai yakawekwa. Nikavua viatu kama wengine. Wakaanza kuendeana, huyu na huyu, huyu na huyu. Maji yakisikika. Wimbo unaimbwa taratibu. Mimi nimekaa, miguu mitupu juu ya vumbi la msumeno, nimetazama chini. Sikutaka kuona nani ananipita. Lakini unaijua miguu ya watu. Niliiona miguu ya Marita ikija, ikasimama kidogo, ikaenda zake. Wimbo ukaisha. Wakaanza mwingine. Nao ukaisha. Wote walikuwa wameoshwa, na karai moja lilibaki na maji safi.

Ndipo nikasikia sauti kutoka nyuma. "Huyu mama, kwa nini haoshwi?"

Ni Mama Anaeli. Alikuwa ametazama tu, maana kwao hawafanyi hivyo. Akauliza tena, kwa nguvu zaidi. "Nasema, mama wa Maria, kwa nini haoshwi? Ana ugonjwa?"

Marita akamjibu. "Mama, kuna mtu aliyepeleka bomani maneno ya Mwinjilisti. Habari ya Nabothi. Habari ya koti."

Mama Anaeli akashangaa. "Bomani?"

"Ndiyo. Na huyu anafanya kazi kwa Mzungu wa bomani."

Mama Anaeli akasimama. Akafungua kanga yake ya juu, akaitandaza chini pale katikati ya makarai, akapanda juu yake kwa miguu miwili. Akatoa sauti nene kama ya Mwinjilisti, ndugu zangu, ungedhani ni yeye! "Hili ni shamba la baba yangu! Ndani yake amezikwa babu yangu! Nikupe wewe upande mboga?" Akainua mkono. Akafanya Ahabu amelala kitandani amenuna. Akafanya mkewe. Akafanya mbwa! Hakuacha hata neno moja.

Akasema, "Ni mimi. Nimesema hivi sokoni. Nimewasimulia Wameru wote waliokuja kuuza ndizi. Nimewasimulia Waarusha. Wakaniambia, mama rudia, nikarudia. Watu walikuwa wamekufa moyo, hawajui kama Mungu ameona mashamba yao. Nikawaambia ameona, yameandikwa! Kama askari walikuwepo wakisikia, mimi sikuwatazama. Nilikuwa na furaha." Akatugeukia akina mama. "Habari njema ni ya kufichwa? Mngeniambia ni siri, ningenyamaza. Lakini mlisema ni neno la Mungu."

Banda zima hakuna aliyeweza kuinua uso. Mwinjilisti alifunika macho kwa mkono. Jambo lililotugawa, lililonifungisha nguo zangu kwenye shuka, lilikuwa furaha ya mama mmoja sokoni.

Halafu hakungoja mtu. Alikuja akapiga magoti mbele yangu. Hakujua utaratibu wetu, aliniosha mpaka magotini kama anavyooshwa mtoto! Maji yalimwagika kila mahali. Alikuwa ananiambia maneno ya Kimeru ambayo sikuyajua, na mimi nikawa nalia Kijita ambacho yeye hakukijua. Na pale pale nilifunguliwa. Nilifunguliwa, ndugu zangu! Mikono yangu haikuwa na pingu, lakini nilikuwa mfungwa, na siku ile nilifunguliwa!

Marita alikuja akapiga magoti pia. Akasema, "Rebeka, nisamehe." Nikamjibu, "Nimekusamehe." Nataka niwe mkweli: mdomo ulitangulia, moyo ukaja baadaye, tena kwa kuburutwa. Ilichukua muda. Lakini ulifika. Na Yakobo, tuliporudi nyumbani, aliliona lile furushi la nguo mlangoni, akalifungua mwenyewe, akarudisha nguo moja moja mahali pake. Chakula kilimshinda.

Mambo ya bomani hayakuisha siku ile. Mwinjilisti alipoitwa tena, Mama Anaeli alikataa aende peke yake. Alikwenda naye. Karani akatafsiri. Bwana mkubwa akamwuliza, "Huyu Ahabu unayemsema ni nani?" Mama akamjibu, "Ahabu alikufa zamani. Kama bwana anamjua mwingine, yeye ndiye aniambie." Mwinjilisti alituambia kwamba karani alikohoa muda mrefu kabla ya kutafsiri hilo.

Hawakufungwa. Ila tuliwekewa askari. Kila Jumapili alikuja na kofia yake, akakaa kwenye mbao za nyuma kutusikiliza. Mwanzoni tulimwogopa. Wengine walisema Mwinjilisti ahubiri mambo laini. Yeye akasema, "Nitasimulia kilichoandikwa," akaanza habari za Yusufu, kipande kwa kipande, wiki baada ya wiki. Siku moja baada ya ibada yule askari alimfuata Mwinjilisti, nasi tukasogea kusikia, tukijua ni mambo ya kukamatwa. Askari akasema, "Mwalimu, Jumapili ijayo nina zamu mahali pengine. Niambie sasa, huyu kijana alitoka gerezani au hakutoka?"

Ndugu zangu, sikuja kuwaambia kwamba kila kitu kilirudi. Shamba la Mama Anaeli halijarudi hata leo. Anapika kwenye nyumba isiyo yake, na mlima anautazama kutoka upande usio wake. Mwingereza bado yuko bomani, na huenda hata sasa yupo mtu humu ambaye kazi yake ni kusikiliza. Kama upo, karibu! Sikiliza vizuri, upeleke vyote, usiache hata neno.

Lakini wewe uliyekaa umemkwepa mwenzako kwa sababu ya jambo ulilosikia, nakusihi kwa jina la Yesu, usingoje karai libaki peke yake. Mwendee umwulize, na akikujibu, inama uliokote neno lake. Na wewe unayedhaniwa vibaya leo, ambaye huna kiapo wala shahidi, mtegemee Bwana. Anajua maneno yalivyotoka na yalikopitia. Atamwinua mtu wa kuuliza kwa nini huoshwi, na huenda akawa mtu ambaye hukumtarajia, hata umemlinda kama adui.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Mama Anaeli, aliyetusimulia Neno kuliko sisi tuliotumwa kulisimulia. Naona pale Marita ameniachia nafasi katikati yao. Nakwenda kukaa. Amina.